Bei ya Siri Iliyokwisha Toka

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Leo nawapeleka kwenye chumba ambacho mlango wake umefungwa.

Kila mwaka, mjini New York na katika mji wa Nuremberg huko Ujerumani, hufanyika maonyesho makubwa ya vitu vya kuchezea. Msidhani watoto ndio hukaribishwa. Wanaoingia ni watu wa biashara: wenye viwanda kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili wanunuzi waliotumwa na maduka makubwa. Kampuni huwa na chumba chake cha pembeni, na humo hupangwa wanasesere ambao hakuna mtoto duniani aliyewahi kuwashika, kwa kuwa watafika madukani miezi mingi baadaye. Mnunuzi anaonyeshwa mwanasesere, anatajiwa bei, anaambiwa tangazo la televisheni litaanza lini. Akipenda anaagiza, kisha anaondoka amefunga mdomo. Mwenye kiwanda shindani haruhusiwi kuweka hata pua mlangoni.

Sasa anafika mtu. Amevaa vizuri, anaongea kwa adabu. Anatoa kadi ya biashara yenye jina la duka, anapokelewa kama mgeni wa heshima, anatazama kila rafu na kuuliza bei. Jioni anarudi kwa waliomtuma, nao hawana duka. Wana kiwanda cha wanasesere.

Mtu huyo hakuvunja kufuli. Hakubeba kitu. Asubuhi wanasesere wote walikuwa pale pale walipolala. Basi ameiba nini?

Swali hilo lilifikishwa mbele ya mahakama huko California, likazungushwa kwa miaka mingi na kugharimu mamia ya mamilioni ya dola. Waliogombana ni makampuni mawili ambayo huenda wanasesere wake mmewahi kuwaona. La kwanza ni Mattel, lililoanzishwa mwaka 1945, ambalo mwaka 1959 lilimtoa Barbie pale pale kwenye maonyesho ya New York. La pili ni MGA, la mfanyabiashara Isaac Larian, mzaliwa wa Iran aliyehamia Marekani akiwa kijana. Mwaka 2001 MGA lilitoa wanasesere wanne wenye vichwa vikubwa, macho makubwa na midomo minene, wakaitwa Bratz. Watoto waliwapenda. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, Barbie alipata mshindani wa kweli.

Kabla hatujaingia mahakamani lazima tuelewane kuhusu neno moja: siri ya biashara. Haina maana ya siri yoyote. Siri ya kwamba nani kamwaga uji jikoni haimo. Mkataba wa haki miliki wa Shirika la Biashara Duniani, ambalo Kenya, Tanzania na Uganda zimo tangu lilipoanza kazi Januari 1, 1995, unaeleza jambo hili katika kifungu cha 39. Kwanza, habari yenyewe iwe haijulikani kwa watu wa kazi hiyo. Pili, iwe na thamani kwa sababu haijulikani. Tatu, mwenyewe awe amejitahidi kuilinda. Mtu anayebandika siri yake ukutani sokoni asije akalia kwamba imeibwa.

Niweke mfano wa ubuyu, maana naona wawili kati yenu wana midomo myekundu. Tuseme kuna bibi anayepika ubuyu usiofanana na mwingine wowote. Ametumia miaka miwili akijaribu, akaharibu magunia ya ubuyu na sukari, mpaka akapata kipimo chake: iliki kiasi gani, pilipili manga kiasi gani, sukari iingie lini na ubuyu uingie lini. Kipimo hicho anakijua yeye na msaidizi wake tu, na msaidizi ameahidi kutokisema. Hiyo ni siri ya biashara. Wewe ukinunua pakiti, ukaonja, ukaenda nyumbani ukajaribu mara mia hadi ukapata ladha ile ile, hujavunja sheria. Kuonja si wizi, na kutumia akili yako si wizi. Ila mwenye duka la ng'ambo ya barabara akimhonga msaidizi avunje ahadi, au akijifanya mkaguzi wa afya ili aingie jikoni, hapo njia imekuwa chafu, na sheria hutazama njia. Ndiyo maana yule mgeni mwenye kadi ya uongo ana kesi ya kujibu hata kama mikono yake ilitoka mitupu.

Haya. Mattel ndilo lililotangulia kushtaki, mwaka 2004. Lilisema mchoraji aliyewabuni Bratz alikuwa mwajiriwa wake alipowachora, kwa hiyo wanasesere hao ni mali yake. Mwaka 2008 baraza la raia wa kawaida walioitwa kusikiliza na kuamua, ambalo Wamarekani huliita juri, lilikubali na kulipatia Mattel dola milioni 100. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa iliuvunja uamuzi huo, kesi ikarudi kuanza upya. Na sasa MGA nalo lilikuja na shtaka lake: kwamba kwa miaka mingi wafanyakazi wa Mattel walikuwa wakiingia kwenye vyumba vya wenzao katika maonyesho, wakijifanya wanunuzi wa maduka, na huko waliona wanasesere, bei na mipango ya matangazo ya MGA kabla ya wakati wake. Mattel lilikataa kwamba huo ulikuwa wizi wa siri.

Aprili 2011, mjini Santa Ana, juri la pili likatoa uamuzi. Katika madai yake, Mattel lilipata dola 10,000 tu, kwa sababu ya mkataba wa yule mchoraji ulioingiliwa. Katika madai ya MGA, juri lilisema siri 26 zilichukuliwa kwa njia isiyo halali, na kila moja ikapewa thamani ya karibu dola milioni 3.4. Jumla ikawa dola milioni 88.5.

Najua mnachotaka kuuliza. Nani alijua kwamba siri moja ni milioni 3.4? Siri haina mizani. Huwezi kuiweka kwenye kopo ukaipima kama mchele. Hapa ndipo pana utamu wa hadithi yangu, kwa hiyo turudi kwa bibi wa ubuyu na tuhesabu pamoja. Mwenye kalamu aandike.

Zamani bibi aliuza pakiti 100 kwa siku, na kila pakiti ilimpa faida ya shilingi 200. Tangu siri iibwe anauza pakiti 60. Amepoteza pakiti 40, yaani shilingi 8,000 kila siku. Kesi imechukua siku 100 mpaka kufika kwa hakimu, kwa hiyo amepoteza shilingi 800,000. Hiyo ni hasara halisi, na ndiyo njia ya kwanza ya kuhesabu fidia: mwenye siri amepungukiwa kiasi gani?

Lakini ni lazima aonyeshe kwamba amepungukiwa kwa sababu ya wizi huo. Kama katika siku hizo 100 kulikuwa na siku 20 za mvua kubwa ambapo hakuna aliyetoka nje kununua ubuyu wa mtu yeyote, siku hizo zinatolewa. Kama kuna muuzaji wa tatu aliyefungua duka kwa haki yake na kuvuta wateja, wateja hao nao wanatolewa. Mwizi hulipa alichokifanya yeye. Halipi mvua. Mawakili hutumia miezi kubishania jambo hili, wakiita wataalamu wa hesabu waje na vitabu vya mauzo, kwa sababu pesa nyingi hupatikana au kupotea hapo. Kwa mfano wetu tuseme mvua haikunyesha.

Njia ya pili inamgeukia yule wa ng'ambo ya barabara. Yeye anauza pakiti 90 kwa siku, naye pia anapata shilingi 200 kwa pakiti. Ni shilingi 18,000 kila siku, na kwa siku 100 ni shilingi 1,800,000. Faida hiyo ameipata kwa siri isiyo yake. Sheria inasema aitapike.

Sasa angalieni, hapa wengi huteleza. Je, tumpe bibi 800,000 za hasara na 1,800,000 za faida ya mwizi, iwe 2,600,000? Aliyesema ndiyo afute. Pakiti 40 alizokosa kuuza bibi zimo ndani ya zile 90 alizouza jirani, maana wateja wale wale walivuka barabara. Ukizihesabu kwa bibi, huwezi kuzihesabu tena kwa jirani. Zimebaki pakiti 50, za wateja wapya ambao bibi hakuwahi kuwa nao. Pakiti 50 kwa shilingi 200 ni shilingi 10,000 kwa siku, na kwa siku 100 ni shilingi 1,000,000. Jumlisha na hasara ya bibi: shilingi 1,800,000. Sheria ya California imeliandika jambo hili waziwazi, kwamba faida ya mwizi itaongezwa kwa kiasi tu ambacho hakijahesabiwa ndani ya hasara. Mimi naipenda kanuni hii. Inamrudishia aliyeibiwa bila kumfanya naye achukue mara mbili.

Mwizi anaweza kufaidika hata kabla hajauza pakiti moja. Kumbukeni miaka miwili ya bibi na magunia yaliyoharibika. Jirani hakuharibu hata kilo. Gharama aliyoiepuka ni faida, na mahakama zinaweza kuihesabu, hasa pale mwizi anapokamatwa mapema na mauzo bado hayajaanza.

Na ikiwa hasara haionekani na faida haionekani? Jirani ameuza lakini vitabu vyake ni ovyo, na bibi ndiyo kwanza alikuwa anataka kuanza. Hapo kuna njia ya tatu. Mahakama inajiuliza: kabla ya wizi, watu hawa wawili wangekaa chini kwa hiari, mmoja akiomba kutumia siri na mwingine akikubali kuikodisha, wangepatana kiasi gani? Labda shilingi 30 kwa kila pakiti. Malipo ya namna hiyo huitwa mrabaha. Mazungumzo hayo hayakuwahi kufanyika, lakini wanasheria huyajenga kwa kutazama mikataba ya kweli ya watu wa biashara hiyo. California huifungua njia hii pale tu mbili za kwanza zinaposhindikana. Sheria ya taifa zima la Marekani, iliyotiwa saini na Rais Barack Obama mwezi Mei 2016, inaruhusu mrabaha uchukue nafasi ya hesabu zile nyingine.

Hesabu ya wanasesere ina ugumu wake. Kipimo cha ubuyu kinaweza kubaki siri miaka 50. Siri ya mwanasesere inaoza kama samaki asiyetiwa chumvi, kwa sababu siku anapofika dukani kila mtu anamwona, na kuanzia hapo si siri tena. Thamani yake yote imo katika miezi ile michache ya kutangulia, ambapo mshindani anayejua mwanasesere wako atavaa nini, utamuuza kwa bei gani na utatangaza lini anaweza kukukatia njia. Kwa hiyo mkisikia milioni 3.4 kwa siri moja, jueni kwamba kilichokuwa kinapimwa ni muda.

Kesi haikuishia kwenye 88.5. Agosti mwaka huo jaji aliipunguza fidia hadi dola milioni 85. Kisha akaongeza milioni 85 nyingine juu yake. Nyongeza hii hailipi hasara ya mtu. Ni adhabu. Sheria inasema aliyeiba siri kwa makusudi na kwa nia mbaya anaweza kuamriwa alipe hadi mara mbili ya fidia, juu ya fidia yenyewe. Kwa bibi wetu mwenye 1,800,000, adhabu ingeweza kufika 3,600,000, na mfuko mzima ungekuwa 5,400,000. Jaji wa Santa Ana hakufika kwenye kilele hicho. Alitoza sawa kwa sawa. Tena aliamuru Mattel lilipe gharama za mawakili na za kesi, na hesabu yote ikapita dola milioni 300.

Mjukuu wangu mmoja aliwahi kuniuliza: lakini pesa zikilipwa, siri inarudi? Hairudi. Ukiibiwa kuku, hakimu anaweza kuamuru kuku wako arudishwe. Siri iliyoingia kichwani mwa mtu haitoki kwa amri ya hakimu. Ndiyo sababu pesa siyo dawa pekee, na pengine siyo ya kwanza. Ya kwanza ni zuio, yaani amri ya mahakama ya kumkataza mtu asiitumie siri wala asiitoe.

Kuhusu zuio kuna kesi ya zamani inayonipendeza, kwa sababu inahusu gunia. Katika jimbo la Massachusetts, Francis Peabody aligundua namna ya kufuma kitambaa cha gunia kwa mashine kutokana na juti. (Neno letu gunia lenyewe asili yake ni Bara Hindi, kwenye nyumba ya juti.) Alimwajiri fundi, John Norfolk, ambaye aliahidi kwa maandishi kuitunza siri ya mashine hizo. Fundi akaondoka, akaanza kusaidia kujenga kiwanda kingine cha namna ile ile. Peabody alifariki, lakini wasimamizi wa mirathi yake waliendelea na kesi. Mwaka 1868 mahakama kuu ya jimbo ilisema kwamba siri ya namna hiyo ni mali, inaweza hata kurithiwa, na mahakama ina uwezo wa kumzuia mtu asiitumie wala asiitoe. Hapo hapakungojwa kiwanda kimalize kujengwa ndipo hasara ihesabiwe. Walikwenda mahakamani mtungi ukiwa bado haujavunjika.

Nimewaambia haya ili mwelewe yaliyolikuta MGA.

Januari 2013, mahakama ya rufaa ilifuta fidia yote ya siri 26, pamoja na adhabu yake. Majaji hawakusema kwamba wapelelezi wale hawakuwapo. Walisema shtaka liliingizwa kwa mlango usio wake. MGA lililipachika kama jibu la shtaka la Mattel, wakati mambo hayo mawili hayakutokana na tukio moja. Waliacha dola milioni 137 za mawakili zilizohusu ugomvi wa hakimiliki, yaani nani mwenye Bratz, wakaziambia kampuni zote mbili, kwa upole wa mzazi aliyechoka, zijifunze kwa watoto wanaonunua wanasesere wao jinsi ya kucheza bila kugombana.

MGA halikusikia. Mwaka 2014 lilianza upya katika mahakama ya jimbo, likidai zaidi ya dola bilioni 1. Safari hii Mattel lilikuwa na jibu fupi: mmechelewa. Sheria ya California inampa mwenye siri miaka 3 tangu agundue wizi, au tangu siku ambayo angeugundua kama angefuatilia kwa bidii. MGA lilikuwa limeingiza dai lake mara ya kwanza Agosti 2010. Mawakili wa Mattel wakatoa karatasi za mwaka 2007, karatasi za MGA lenyewe, ambamo katika kujitetea lilikwisha kuandika kwamba Mattel liliingia kwenye vyumba vya wenzake kwa hila. Kama mwaka 2007 mlijua kiasi cha kuandika, mlijua kiasi cha kushtaki. MGA lilijibu kwamba tuhuma si ushahidi, kwamba mambo mengi yalikuwa yamefichwa. Mahakama ikasema tuhuma inatosha kuanzisha saa kutembea.

Mimi nimelifikiria hili mara nyingi. Naona ni kali, maana aliyeibiwa siri huwa wa mwisho kujua, na mwizi mzuri haachi nyayo. Lakini naelewa pia kwa nini saa ipo. Mashahidi husahau, barua hupotea, na anayeshtakiwa hawezi kukaa miaka yote akingoja mlango ugongwe.

Oktoba 2019 mahakama ya rufaa ya California ilithibitisha kwamba muda ulikuwa umekwisha. Kwa siri zile 26, ambazo juri lilizipa karibu dola milioni 3.4 kila moja, MGA halikupata kitu. Mtoto aliyenunuliwa Bratz wa kwanza mwaka 2001 akiwa na miaka 7, siku hiyo alikuwa na miaka 25.